Mlango wa Kaskazini wa Marlcott

Wanaosema Waingereza hawana majini hawajawahi kupiga deki kanisa la Marlcott. Keziah Tapscott alilipiga deki miaka ishirini na sita, kwa magoti, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kung'amua kwamba watoto hawalii.

Kijijini kwao hata mlevi alijua: maji ya ubatizo yakimgusa mtoto kichwani, sharti apige ukelele, maana kilio kile ndiyo dalili ya shetani kutoka. Mtoto akinyamaza, bibi yake humfinya paja kisirisiri mpaka apaze sauti. Sasa tangu Pasaka walikuwa wamebatizwa wanne, wakafinywa hadi mapaja yakavilia damu, wasitoe hata mguno. Na kuanzia siku ya ubatizo hawakulia tena hata nyumbani. Walinyonya, wakanenepa, wakalala macho wazi, nyuso zote zimeelekea upande kanisa liliko.

"Malaika watupu," walisema majirani. Mama zao, waliokuwa wanalala usingizi mnono, hawakutaka kuuliza zaidi.

Keziah aliuliza. Binti yake Dorcas alikuwa ameshazika wawili, na wa tatu, Reuben, mwenye wiki sita na kifua kibovu, alikuwa abatizwe Jumapili.

Jumamosi asubuhi, kanisani, Keziah alipiga magoti nyuma ya jiko la makaa. Lilikuwa jiko jipya, zawadi ya Bi Honoria Fanshawe, mjane wa bwana mwenye mashamba yote unayoyaona ukisimama mnarani. Lilinguruma jekundu, hata nta ya viti ikalainika. Lakini ukuta wa nyuma yake ulikuwa wa baridi kama kisima, na hapo pakanuka maziwa yaliyochacha. Kisha: kwaru. Kwaru, kwaru.

"Jethro," alinong'ona. "Njoo huku. Polepole."

Jethro Pym, fundi mwashi na mpiga kengele, alikuja akijikuna shingo. "Panya hao, Bi Keziah. Wamesikia harufu ya keki yako, wanakimbia."

"Panya gani analia kwa sauti ya yule binti mchanga wa akina Gudge, asiyelia tena kwao? Weka sikio, mjinga wewe."

Jethro akaweka. Rangi ikamtoka. Ndani ya matofali, mbali kama chini ya shimo, watoto wanne walikuwa wakilia, kila mmoja kwa sauti yake. Na katikati yao kulikuwa na wa tano ambaye hakuwa mtoto, alikuwa anajifunza kulia, anakosea, anarudia.

"Ni pale pale nilipoziba," Jethro akasema kwa sauti ndogo.

Ni pale pale. Tangu enzi za mababu kanisa lilikuwa na kimlango upande wa kaskazini, na kazi yake ilikuwa moja: kuachwa wazi wakati wa ubatizo, ili anayetoka kwa mtoto apate njia ya kwenda zake. Upepo nao uliingilia hapo. Jiko lilipoletwa, Bi Fanshawe akasema halikununuliwa kupasha moto makaburi. Kikao cha kanisa kikapiga kura, mlango ukazibwa. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Keziah mwenyewe, kwa ajili ya magoti yake yaliyoumwa na baridi.

"Tumemtoa mtu chumbani," alisema, "halafu tukamfungia sebuleni."

Alasiri hiyo hiyo alikwenda nyumbani kwa Padri Lyle, kijana wa mjini aliyekuwa akinywa chai na Bi Fanshawe.

"Ushirikina, Bi Tapscott," padri akasema kwa upole. "Karne ya ishirini hii."

"Karne ni yenu, Padri. Ukuta ndio wangu, mimi ndiye naufuta."

Bi Fanshawe aliweka kikombe chini. "Na kifua changu je? Keziah, wewe ulipiga kura."

"Nilipiga, Bibi. Na mjinga akierevuka, mwerevu yumo mashakani."

"Chunga ulimi. Wafagizi hawajaisha duniani."

"Wafagizi hawajaisha, Bibi. Wajukuu wangu ndio wanaokwisha."

Nyumbani alimkuta Dorcas amemkumbatia mtoto. "Tuahirishe, mwanangu."

"Siwezi, Mama. Usiku aligeuka wa bluu kwa kukosa pumzi. Akienda bila maji watamzika kule nyuma, kwenye magugu yawashayo, pasipo jina. Unataka akakae kule?"

"Basi kesho atabatizwa," Keziah akasema, "na atalia."

"Na asipolia?"

"Mimi nitakuwa nimekaa wapi?"

Jumapili saa tisa alasiri kanisa lilijaa. Nyundo kubwa ya Jethro ilikuwa imelala chini ya rundo la mito ya kupigia magoti, na Keziah amekaa juu ya rundo hilo kama kuku juu ya mayai. Padri akamchukua Reuben, akachota maji.

Hapo harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda kutoka sakafuni, na jiko lililokuwa jekundu likageuka jeusi kama limezibwa pumzi, na mito mingine iliyopangwa kandokando ya njia ikaanza kubonyea, mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, kana kwamba kitu kizito kinatambaa juu yake kwa magoti bila haraka, kikitoka ukutani kuelekea kwenye birika la ubatizo, na maji yalipomgusa Reuben kichwani akafungua kinywa mpaka kaakaa likaonekana, uso ukajikunja, kifua kikapanda, na sauti isitoke kwake ila kule, nyuma ya jiko, ndani ya matofali.

Keziah alishika nyundo, akauendea ukuta nyuma ya jiko.

Pigo la kwanza lilidondosha chokaa. La pili likapasua tofali.

"Bi Tapscott!" padri alipiga kelele. "Hii ni nyumba ya Mungu!"

"Ndiyo maana natoa takataka, Padri. Si ndiyo kazi mliyonipa?"

"Kushoto, chini!" Jethro akadakia, akija mbio na mtaimbo. "Pale niliunga vibaya!"

"Kwani kuna ulipounga vizuri?"

Matofali yakaporomoka. Mwanga wa Novemba ukaingia, na upepo pamoja nao. Lakini kile kitu hakikutoka. Mto uliokuwa miguuni pa Dorcas ukabonyea hadi sakafuni, na hewani pale pale kikalia kilio cha Reuben, safi, bila kosa hata moja, kilio cha njaa kinachomtoa mama maziwa; na Dorcas, macho yamemlegea, akaacha kumtazama mwanawe mwenyewe, akanyoosha mikono kuukumbatia utupu.

Keziah akaingia katikati. Pumzi iliyochacha ilimpiga usoni.

"Mwongo," alisema. "Nimelea saba, namjua mtoto kwa kilio. Ulikaa humu kwa sababu mimi niliinua mkono. Leo naushusha. Toka! Na sauti za watu uziache hapa, hukuja nazo!"

Kitu kikampita. Kilimwacha nusu ya nywele zake nyeupe, na Marlcott nzima iliziona mpaka siku alipozikwa. Vumbi la matofali likazunguka, likapasuka nje, nyasi za makaburini zikalala mstari mmoja hadi msituni.

Reuben akalia. Akalia kama ng'ombe. Halafu ng'ambo ya barabara akajibu binti wa akina Gudge, halafu wa kule kwenye kinu cha unga, halafu wale wawili wa bondeni, na kina mama wakaruka viti kukimbilia majumbani, wakicheka na kulia, kofia zikibaki sakafuni. Padri Lyle alimalizia sala kwa kupiga kelele ili asikike.

Bi Fanshawe alifunga kola ya koti lake hadi kidevuni. "Pym, kesho asubuhi tundu hili lizibwe."

Jethro akamtazama Keziah. Keziah akaburuta kiti cha mzee wa kanisa, akakiweka katikati ya lile tundu, upepo ukimpeperusha shali, akampokea mjukuu wake na kuketi.

"Mwenye baridi, avae," akasema.