Mawingu Yaliyofungiwa Mlimani

Mawingu yalipita juu ya mji wa Makutano yakiswagwa taratibu, meupe, manene, yamelegea kama mtu ambaye bado ana usingizi. Ubavuni mwao viliruka vichungamvua, mashine nyembamba zenye mabawa ya kitambaa, vikitoa mvumo wa chini ambao akina mama wa mjini walishauzoea hata wakawa wanautumia kubembelezea watoto. Kila kichungamvua kilipuliza chembe za umeme hewani, na wingu likageuka kule kilikotaka. Siku hizo mvua haikungojewa. Ilichungwa.

Aliyeichunga alikuwa Mhandisi Kabula Masanja. Alifanya kazi ghorofa ya juu ya Wizara ya Anga, mbele ya meza ya anga, kioo kipana kilichoonyesha kila wingu la nchi likielea, kiasi kwamba mtu akikiinamia hujihisi ndege. Kabula alipenda kuweka kiganja juu ya kioo na kuacha vivuli vipite vidoleni. Lakini asubuhi hiyo macho yake yalikuwa kaskazini, penye mawingu meusi yaliyosimama palepale tangu wiki iliyopita.

Shirikisho la Majimbo Manne lilikuwa halijatimiza mwaka. Pwani, Ziwa, Nyika na Milima zilikuwa nchi kamili, kila moja na bendera yake na jeshi lake, mpaka ukame ulipozifundisha kwamba hakuna anayeweza kuchunga mvua peke yake. Katika katiba mpya waliandika kuwa mvua ni mali ya wote. Siku ya kutia saini watu walikumbatiana barabarani, wengine wakalia. Kisha kila mmoja akarudi kwake, akaanza kutazama juu kuona jirani kapata nini.

Sasa Waziri Mkuu wa Jimbo la Milima alikuwa amekasirika. "Mawingu huzaliwa kwetu," alitangaza, "na mzazi hanyang'anywi mwana." Akaamuru kituo cha Kilele kiwashe ukuta wa joto, safu ya mitambo mgongoni mwa mlima iliyopasha hewa mpaka ikapanda kama pazia lisiloonekana. Hakuna wingu lililoweza kulivuka. Nyuma yake mvua ya Nyika ilizidi kurundikana, na huko Nyika ng'ombe walikuwa wakifa wamesimama.

Kabula aliitwa kwa Rais. Rais Thekla Rweyongeza alikuwa amesimama dirishani. Mezani alikaa Lemayian, mwakilishi wa Nyika, amekonda kana kwamba aligawana njaa na watu wake.

"Mheshimiwa Rais, watu wangu hawali katiba," alisema Lemayian. "Mvua isipofika wiki hii, tunajitoa. Na tukijitoa tutaifuata wenyewe huko mlimani, na hatutakwenda na fimbo za kuchungia."

Rais akamgeukia Kabula. "Mhandisi, vichungamvua vyako vinaweza kuyavuta mawingu yale kwa nguvu?"

"Vinaweza, Mheshimiwa."

"Mbona unasema kama mtu aliyefiwa?"

"Yamejaa kupita kiasi. Tukiyavusha ukuta kwa nguvu yatapasuka hapohapo, na chini yake kuna Bonde la Kirongo. Watu wanaishi mle, Mheshimiwa. Maji yatawafagia."

"Tukiwataka wahame?"

"Waziri Mkuu wao amewaambia hivyo ni vitisho vya serikali kuu. Hawatahama."

Rais alirudi dirishani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nisipovuta, majimbo yataanza kuuana. Nikivuta, nitakuwa nimeua mimi. Tutavuta kesho asubuhi. Mungu anisamehe."

Kabula alirudi mezani kwake, akafanya jambo ambalo hakuruhusiwa. Aliwasha simusura, akaita Kilele.

Uso uliotokea hewani ulikuwa wa Anaeli Moshiro, mkuu wa kituo kile. Walisoma chuo kimoja. Wingu lao la kwanza, dogo kama godoro, liliwaponyoka likamwaga mvua kwenye harusi ya mkuu wa chuo.

"Kabula! Umekonda, shoga yangu."

"Na wewe macho yamekuvimba. Hulali?"

"Nani alale chini ya mzigo huu? Nikitazama nje naliona bonde. Mama yangu mdogo yuko mle."

"Kesho nimeamriwa kuvuta."

Anaeli alifumba macho. "Nami nimeamriwa nisifungue hata mlango mmoja wa ukuta, nisizime hata mtambo mmoja." Kisha akasema kama anayeota, "Na nikifungua? Mlango mmoja mmoja, kuanzia kusini, nawe uyapokee kwa mstari mwembamba?"

"Yatapita bila kupasuka. Lakini twende pamoja, pumzi kwa pumzi. Na watakuita msaliti, Anaeli."

"Wataniita. Lakini mama mdogo ataniita kwa jina langu."

Kulipopambazuka walianza.

"Fungua," alisema Kabula.

"Nimefungua."

"Subiri. Fungua tena."

Asubuhi nzima hawakusema maneno mengine. Wingu zito lilijipenyeza mlangoni mwa joto kama uzi kwenye tundu la sindano, likatoka upande wa pili limenyooka. Vichungamvua vililipokea, vikalisindikiza. Watu wa Makutano walitoka nje, wakauona mto wa kijivu ukipita mbinguni bila kishindo. Wengi walinong'ona tu, kama vile mtu akipaza sauti mto ungeamka. Katika Bonde la Kirongo ilinyesha manyunyu ya kulaza vumbi. Mwanamke mmoja alianua nguo zake, akazianika tena, asijue kilichopita juu ya kichwa chake.

Ulipobaki mlango mmoja, Kabula aliona askari wawili wakiingia nyuma ya Anaeli. Anaeli hakugeuka. Alinyoosha mkono, akaufungua mlango wa mwisho, na picha ikazimika.

Alasiri Lemayian alimpigia Rais simu kutoka Nyika. Aliinua simu juu. Kilichosikika ni mvua tu, ikipiga bati.

Serikali mbili zikatoa tamko moja. Rais aliusifu msimamo wa Shirikisho, Waziri Mkuu akausifu ukarimu wa Milima, na wote wakapigiwa makofi. Anaeli hakutajwa. Waziri Mkuu aliamuru afukuzwe jimboni bila kelele, naye Anaeli akaenda kuishi Nyika, kwenye nyumba ya bati kando ya kisima.

Kabula alimfuata Rais ofisini. "Mheshimiwa, aliyeokoa Shirikisho hili ni yeye."

"Najua," alisema Rais. Siku hiyo alionekana mzee kuliko miaka yake. "Lakini likijulikana, Waziri Mkuu ataonekana ameshindwa na mfanyakazi wake, na kesho yake atajitoa kwa aibu. Nchi hii bado inatambaa, mwanangu. Nakuomba unyamaze."

Kabula akanyamaza. Msimu ukapita, mvua zikaenda kila jimbo kwa zamu. Lakini kila alipoweka kiganja juu ya kioo, vivuli vya mawingu vilimpita baridi, akauondoa mkono.

Siku moja Anaeli alimpigia. Alikuwa amekaa nje, nyuma yake majani mabichi yakienda mpaka mwisho wa macho. Alisema hana shida, maziwa ni mengi, watu ni wema. Kisha akainama. "Mama ndiye hapokei simu zangu. Ameambiwa na walionifukuza kwamba niliuza mawingu ya mlima."

Juma lililofuata Kabula alichukua likizo, akapanda mlimani.

Mama yake Anaeli alikuwa amekaa barazani akimenya ndizi za kupika. Aliitikia "marahaba" bila kuinua macho.

"Mama, naitwa Kabula, natoka Makutano. Nimesoma na Anaeli."

"Hapa hakuna Anaeli." Kisu kiliendelea kumenya. "Kama umetumwa na serikali, rudi ukawaambie umemkuta mama ni mgonjwa."

"Sijatumwa. Ikijulikana nimekuja, nitapoteza kazi, na pengine makubwa zaidi ya kazi yatavunjika. Lakini nilikuwapo asubuhi ile, mama. Mlango wa kwanza hadi wa mwisho, nilikuwapo."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, akianza na askari na kurudi kwenye amri. Alipofika kwenye Bonde la Kirongo, kisu kilisimama.

"Kirongo?" aliuliza mama. "Kirongo ya mdogo wangu?"

"Ndiyo, mama. Yote ingekwenda na maji."

Mama alitazama bondeni. Ukungu ulikuwa unapanda polepole, na humo ndani zilisikika sauti za watoto na mtu anayekata kuni. Alikaa hivyo muda mrefu, maganda ya ndizi yamejaa mapajani. Kisha akayapangusa, akasimama, akavuta kigoda kingine akakiweka karibu na chake.

"Keti, mwanangu," alisema. Akasogea ukingoni mwa baraza, akaweka mikono mdomoni na kuita jina la jirani wa juu, kisha la jirani wa chini. Alipogeuka machozi yalikuwa yakimtoka bila kizuizi. "Ngoja wafike. Halafu uanze tena tangu mwanzo, polepole, na umtaje mwanangu kwa jina."

Milango ilianza kufunguka migombani. Kabula aliwaza juu ya Rais na nchi yake inayotambaa. Watu walipojaa barazani, alivuta pumzi, akaanza.