Mlango wa Anti Nyawira

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasiva alifagia ua wao wa Dandora kuanzia jikoni hadi langoni. Siku hizi akifika mbele ya chumba cha mwisho, aliziba pua na kufagia harakaharaka. Chini ya mlango ule ilitoka harufu ya yai viza, na kila siku ilizidi. Watu wazima walidhani ni lile jaa kubwa la taka lililo karibu. Dandora, nani huuliza harufu imetoka wapi?

Chumba kile mama yake, Mwongeli, alimpangishia Nyawira, rafiki yake wa kwaya. Walikubaliana kwa mdomo tu, huku wakinywa chai na kucheka. Nani angemwandikisha rafiki yake mkataba? Lakini Nyawira alianza kujaza mitungi midogo ya gesi humo ndani, akiitoa gesi kwenye mtungi mkubwa kwa mpira. Siku moja mlango ulikuwa wazi, Kasiva akamwona. Nyawira akamwita na kumtilia mandazi mkononi.

"Hujaona kitu, sawa mwanangu? Ukisema, mama yako atanifukuza."

Kasiva alikubali. Tangu hapo usingizi wake ukaharibika. Mara aliota moto, mara alishtuka akampapasa mdogo wake, Kalekye, kuhakikisha anapumua. Alitaka kusema, akaogopa.

Mwongeli naye alichoshwa na wageni asiowajua waliokuwa wakiingia na kutoka uani kwake. Alimwomba Nyawira ahame, naye akacheka tu. Alipomwomba mara ya pili, Nyawira alinuna na kuacha kumsalimu.

Jumamosi, Nyawira akiwa sokoni, alikuja mjomba Mativo, fundi wa vyuma, na mashine yake ya kukatia. Alijua ujanja wa wenye nyumba wakorofi: ng'oa mlango, mpangaji atahama mwenyewe.

"Dada, nichomekee huu waya," alisema. "Nakata bawaba sasa hivi. Akilala na baridi, ataondoka bila kuambiwa."

Mwongeli alisita, kisha akauchukua waya na kuingia nao chumbani kwake. Kalekye alichuchumaa karibu na mjomba, akingoja cheche. Jamani, mtoto yule alivyopenda cheche!

Kasiva alikuja mbio. Akamshika mjomba mkono.

"Mjomba, usiwashe. Si jaa linalonuka. Humo ndani mna gesi. Anti hujaza mitungi, nami nilijua."

Mativo aliinama, akanusa chini ya mlango, uso ukambadilika. Aliiweka mashine chini taratibu, kama anayelaza mtoto mchanga.

"Dada, usichomeke," alisema kwa sauti nzito. "Usiguse swichi yoyote. Tokeni nje nyote."

Waliwatoa wapangaji wote hadi barabarani, wakamwita naibu wa chifu, Bi Lydiah. Alifika na polisi pamoja na wazima moto, wakaibeba mitungi. Nyawira aliporudi alipelekwa kituoni, akashtakiwa, kisha akaachiliwa kwa dhamana.

"Sasa tumtupie vitu nje?" Mativo akauliza.

"Hapana," alisema Bi Lydiah. "Gesi ni kosa, na polisi wanalishughulikia. Kumhamisha mpangaji ni jambo jingine. Mwandikieni notisi, mumpe muda unaotakiwa na sheria. Akikataa, nendeni kwa wanaoamua kesi za wapangaji. Mlango wake msiuguse."

Mwongeli aliandika notisi, Nyawira akaitia sahihi bila kuinua macho. Muda ulipokwisha alihama mchana kweupe, na Mativo mwenyewe akamsaidia kupakia kitanda kwenye mkokoteni.

Mkokoteni ulipoondoka, Mwongeli alimketisha Kasiva kando yake.

"Mimi niliona haya kumwandikia rafiki yangu, na wewe ukaona haya kumsema," alisema. "Haya zetu mbili nusura zituue. Urafiki haukatazi maandishi, na hasira haiwi sheria. Nawe, mtu mzima akikuambia ufiche jambo la hatari, njoo kwangu mbio, hata kama mtu huyo ni rafiki yangu."

"Ndiyo, mama," Kasiva alijibu. Ndani ya chumba kitupu, Kalekye alikuwa akirukaruka na kuimba.