Krimu na Maruni Juu ya Bluu

Kiraka cha rangi ya krimu kilikauka kabla ya adhuhuri. Cha maruni kilikuwa bado kibichi siku ya tatu, na kilinukia waridi.

Fundi rangi alikuwa amevipaka ukutani chumbani, kila kimoja ukubwa wa gazeti, juu ya bluu ya zamani.

"Vitazame asubuhi, uvitazame na alasiri, bibi harusi. Mwanga una ujanja wake."

Mwanga haukumshughulisha bibi harusi. Alichotaka ni bluu ifutike. Miezi mitatu alikuwa amelala ndani ya rangi ya marehemu, mke wa kwanza, na kila mumewe alipomgeuzia mgongo na kuuelekea ukuta, aliona wivu.

"Umegusa hapa?" alimuuliza mumewe. Kwenye maruni palikuwa na alama za vidole vitano, virefu kuliko vya mtu.

"Sijagusa."

"Basi marehemu wako kaja kunisalimia."

Mume aliugeukia ukuta.

Alasiri fundi alirudi, akanusa, akashusha sauti. "Mama, rangi yangu haina marashi."

Akakwangua ukuta. Chini ya bluu, mahali pale pale, palitokea viraka viwili vya zamani: krimu na maruni. Chini ya hivyo, bluu tena.

"Marehemu naye alitaka kubadilisha," mume alisema taratibu. "Alishindwa kuchagua, kama wewe. Bluu ikarudi yenyewe. Wiki ile ile tukamzika."

"Kwa hiyo bluu haikuwa yake?"

"Aliikuta."

"Ya nani, basi?"

Fundi hakungoja jibu. Aliacha makopo na ngazi akatoka mbio, na mke akabaki amesimama katikati ya chumba, jua likiwaka dirishani, akiona bluu ikichuruzika kutoka juu ikilamba krimu, ikilamba maruni, ikishuka hadi sakafuni na kutambaa kuelekea miguu yake, huku harufu ya waridi ikizidi hadi ikamtoa machozi, na ndipo alipofahamu kwamba muda wote alikuwa amemwonea wivu mwanamke aliyekaa humu akiogopa kama yeye.

"Usikasirike, mke wangu," mumewe alinong'ona.

Akageuka amjibu. Mume alikuwa ameegemeza shavu ukutani, amefumba macho, mikono ameitandaza kwenye rangi mbichi.

"Huyu naye anaondoka leo," aliuambia ukuta.