Ufunguo wa Lango Pana

Jumapili Jhumur hufua nguo. Siku hiyo, wiki moja kabla ya sikukuu ya Kihindu ya Durga, mama yake alirudi alfajiri, akavua sari, akalala na kikombe cha chai mkononi. Saa tano aliamka, akavaa sari nyingine, akarudi kazini akiburuta miguu.

Mama huyo, Malabika, alikuwa mlinda lango la tiketi katika stesheni ya Shimulpur. Zamani walikuwa walinzi watatu. Mmoja alistaafu, mwingine akahamishwa, na hakuna aliyeletwa. Sasa ilikuwa siku ya kumi na mbili Mama anashika zamu mbili mbili.

Jhumur alipoikamua sari, kitu kigumu kilimgonga vidoleni. Alifungua fundo la pindoni, mahali ambapo wanawake wa kwao hufunga funguo za nyumba.

"Mungu wangu! Ufunguo wa lango pana la stesheni!"

Alikimbia hadi stesheni na povu mikononi.

Treni ya saa nane ilikuwa imeshusha watu wa kununua nguo za sikukuu. Wote walikuwa wakisukumana kutoka kwenye vilango vitatu vyembamba. Bibi mmoja alikuwa amebanwa kwenye chuma, uso umemwiva, pumzi haitoki.

"Dada, fungua hilo kubwa! Au ufunguo umeumeza na wali?" mwanamume mmoja alifoka.

"Rudini nyuma, ndugu zangu! Kuna bibi hapa!" Mama alilia. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mama, shika!" Jhumur alimpa ufunguo.

Mama aliuingiza ufunguo, kufuli likafunguka. Watu wakamiminika. Bibi aliketishwa sakafuni, akanyweshwa maji, akavuta pumzi taratibu. "Niko hai," alisema. "Msinililie kabla ya wakati."

Stesheni masta, Bwana Sadhan, alikuja na daftari la taarifa. "Kwa nini lango pana lilikuwa limefungwa?"

Jhumur aliuona uso wa Mama. Akiachishwa kazi, watakula nini?

"Kufuli lilikwama, mjomba," alisema haraka.

"Hapana, mwanangu." Mama aliegemea ukuta. "Bwana, ufunguo niliusahau kwenye sari chafu. Nimelala kwa saa nne tu. Jana pia saa nne. Nilisema ninaweza kwa sababu niliogopa kusema nimechoka. Andika hivyo."

"Malabika, unajua haya yanaweza kukugharimu?"

"Najua. Andika."

Bwana Sadhan aliandika ukurasa mzima. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempangia zamu hizo.

Usiku Mama alisali kwa muda mrefu, kisha akalala fofofo. Jhumur alisali pia, ila usingizi haukumjia.

Baada ya siku tano barua zilikuja. Mama alipewa onyo, na Bwana Sadhan pia. Lakini siku hiyo hiyo waliripoti kazini walinzi wawili wapya, na ufunguo wa pili ukatundikwa ofisini.

Jhumur alimwendea Bwana Sadhan kumwomba radhi. "Nilitaka kumwokoa Mama, mjomba."

"Naelewa," alisema mzee huyo, akivua miwani na kujifuta macho mekundu. "Lakini fikiri, binti. Ningeandika kufuli, wangetuletea kufuli. Tuliandika ukweli, wakatuletea watu."