Kambare wa Tiya

Kila Jumamosi asubuhi, Asho na Tiya walikwenda pamoja kuteka maji kwenye bwawa lililo nje ya mji wa Isiolo. Walikuwa darasa la sita, wakikaa dawati moja na kunywa pamoja maziwa ya Nyayo, yale waliyogawiwa bure shuleni. Baba yake Asho, Ahmednur, alikuwa dereva wa lori. Tiya aliishi na mama yake na mbuzi wao wachache.

Mwaka huo mvua za masika zililijaza bwawa. Mwalimu Ekeno, Mturkana aliyekulia kando ya ziwa, akaanzisha chama cha uvuvi shuleni. Wengi walicheka, kwani kwao samaki hakuwa chakula. Lakini mwalimu alipotangaza kwamba atakayevua samaki mkubwa kuliko wote atakwenda naye Loiyangalani kuvua sangara katika Ziwa Turkana, kicheko kikaisha.

Siku ya mashindano, watoto wengine waliyakimbilia maji kwa fujo. Tiya alichuchumaa ukingoni akitazama.

“Unaona yale mapovu karibu na matete?” alimnong'oneza Asho. “Yanahama polepole. Kuna kitu kinapekua matope pale chini.”

Akatia mnyoo kwenye ndoana, akautupa mshipi mbele kidogo ya mapovu. Asho akautupa wake kando.

Baadaye mama yake Tiya akaita kutoka ng'ambo. Mbuzi walikuwa wameingia shamba la mtu.

“Niangalizie mshipi wangu,” Tiya alisema, akatimua mbio.

Hakufika mbali, mshipi wake ukavutwa kwa nguvu. Asho akaudaka. Ukamkata viganja, lakini hakuuachia mpaka akamburuta kambare kwenye nyasi: mweusi, mwenye masharubu, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Asho akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Akaichomoa ndoana, akaurudisha mshipi wa Tiya majini, ndipo akapiga kelele, “Nimepata! Nimepata!”

Tiya alirudi akihema. “Wallahi, Asho, umeweza!” alisema akicheka, akamsaidia kumbeba samaki hadi kwa mwalimu. Njia nzima Asho hakuweza kumtazama usoni.

Jumatatu, Mwalimu Ekeno alimtangaza Asho mshindi, akamwita mbele ya darasa. “Waeleze wenzako. Ulijuaje pa kutupa mshipi?”

“Niliona mapovu karibu na matete,” Asho alisema. “Yalikuwa yakihama polepole. Nikajua kuna kitu kinapekua matope.”

Darasa likapiga makofi. Tiya hakupiga. Alimkazia Asho macho, kisha akainamisha kichwa. Asho aliporudi kuketi, uso ukimwaka, Tiya alisogea hadi mwisho wa dawati.

Tangu hapo Tiya alikwenda kuteka maji peke yake. Nyumbani, Ahmednur aliwaambia madereva wenzake, “Huyu binti yangu ni mvuvi!” Kila aliposifiwa, Asho alitamani kujificha.

Jioni moja baba yake alimletea raba mpya za safari. Asho alizitazama, machozi yakamtoka.

“Aabo,” alimwambia baba yake, “sitazivaa. Yule samaki hakuwa wangu.”

Akamweleza yote. Ahmednur akazisogeza raba kando.

“Na mimi nimewaambia watu wote,” alisema. “Simama. Twende kwa mwalimu.”

“Kwanza kwa Tiya,” Asho alisema.

Walimkuta akikamua mbuzi. “Tiya, nilikuibia,” Asho alisema. “Kambare alinasa kwenye mshipi wako.”

“Najua,” Tiya alijibu bila kuinua kichwa. “Nilijua pale darasani. Ulisema maneno yangu, na mshipi uliokuwa mbele ya mapovu ulikuwa wangu.”

“Mbona hukunisema?”

“Nilingoja useme mwenyewe. Ulikuwa rafiki yangu.”

Neno lile “ulikuwa” lilimuuma Asho kuliko kofi.

Kesho yake aliungama mbele ya darasa. Wengine walimzomea, “Mwizi wa kambare!” Safari akapewa Tiya. Lakini Asho na mwalimu walipokwenda kuomba ruhusa, mama yake Tiya alikataa. “Akienda, nani atanitekea maji? Nani atachunga mbuzi?”

“Mimi,” Asho alisema.

Mama huyo alimtazama tangu kichwani hadi miguuni. “Haya. Tutaona.”

Likizo ya Agosti, Asho alibeba madebe mpaka shingo ikakakamaa, akawakimbiza mbuzi vichakani mpaka miiba ikamchana miguu. Hakulalamika.

Tiya aliporudi alikuwa na mengi ya kusimulia: upepo wa ziwani uliotikisa boti, ndege waliozamia pale samaki wadogo walipojaa, na sangara mzito aliyewatoa jasho yeye na mwalimu. Alipomaliza, akamwambia Asho, “Jumamosi tukateke maji pamoja. Nitakufundisha kuyatazama.”

Asho alifika nyumbani akilia na kucheka. Ahmednur akamketisha karibu naye.

“Nilipowaambia madereva ukweli, niliona haya sana,” alisema. “Walinicheka, kisha wakasahau. Wewe pia wenzako walikuzomea, na sasa wamenyamaza. Lakini kama ungeficha, mwanangu, ungeona haya kila unapomwona Tiya, hata ukiwa mtu mzima. Ukikosea, sema mapema, kisha ufanye kazi ya kurekebisha. Wewe umefanya yote mawili.”