Nati Iliyolazimishwa

Kila alipotoka shule, Restuta alivua sare, akala, kisha akaenda kwenye kibanda cha baba yake nyuma ya nyumba. Mzee Valerian alikuwa fundi wa pampu na baiskeli hapo Kilangala, na binti yake alipenda vyuma kuliko mchezo wa mdako.

Wiki ile Restuta alikuwa akitengeneza kifaa cha kukazia waya. Mpira wa pampu ambayo mama alimwagilia bustani ulikuwa ukichomoka kila siku, na nyanya zilishaanza kunyauka. Alichukua boliti ndefu, nati, kipande cha bomba na misumari miwili ya kushikilia waya. Ukizungusha nati, waya unavutwa na kuubana mpira.

Jumamosi walikwenda bustanini na mama. Kaka yake, Faustino, aliushika mpira huku Restuta akikaza. Ghafla nati iliteleza. Waya ukafyatuka na kumchana Faustino kiganja.

"Ni wewe!" Restuta alifoka, mbele ya majirani waliokuja kuchota maji kisimani hapo. "Jana ulikuwa unakichezea kifaa changu!"

"Sijakigusa!"

"Muongo mkubwa!"

Faustino alimkodolea macho, damu ikimtiririka. "Nimekushikia mpira tangu asubuhi, halafu unaniita muongo?" Akautupa mpira chini, akaondoka na mama kwenda zahanati.

Restuta alirudi kibandani kwa hasira. Baba, aliyekwisha kusikia habari kutoka kwa majirani, alikipokea kile kifaa, akakigeuza mikononi.

"Nati hii umeitoa wapi?"

"Faustino ameiharibu."

"Sikukuuliza habari za Faustino."

Alikumbuka Jumatano. Nati ya boliti ile hakuiona, akachukua nyingine. Meno yalipogoma kuingiana, aliisukuma kwa spana mpaka chuma kikalia. Alijua, akanyamaza. Sasa hasira ile ile ilimgeukia mwenyewe.

"Niliilazimisha mimi, baba. Haikuwa nati yake."

"Na mwenzako sasa anachomwa sindano ya pepopunda, tena umemtukana mbele za watu!" Sauti ya baba ilikuwa kali kama tupa ya kunolea. "Tafuta nati inayofaa. Halafu ukaseme ukweli pale pale ulipomtukania."

Jioni Restuta alisimama kando ya kisima, majirani wakisikiliza. "Kaka hakukigusa kifaa. Kosa ni langu. Kaka, nisamehe."

"Bado nina hasira," alijibu Faustino, mkono wake umefungwa bandeji.

"Una haki."

Restuta alikaza waya upya kwa nati inayofaa. Nati ilizunguka bila kelele. Pampu ikanguruma, mpira ukatulia, na maji yakafika mpaka tuta la mwisho la nyanya.

"Kukosea nati ni jambo la kila fundi," alisema baba, aliyekuja nao kisimani. "Hilo ningelirekebisha Jumatano kwa dakika tano. Lakini uliuficha ubovu, na ulipojitokeza ukatafuta wa kumbebesha. Ukiona umekosea, sema mapema, kabla mtu hajaumia."

Faustino alisogea, akaushika mpira kwa mkono mzima, ili dada yake akaze na ncha yake ya pili.