Sauti Isiyokubali Kupunguzwa

Mama Shigela alinituma Mwanza kuchukua wimbo, nikawa na haraka ya kuwahi kivuko cha mwisho cha kurudi Sengerema.

Yeye ni mlezi wa kwaya yetu, mjane anayeheshimiwa na mtaa mzima. Wimbo ulikuwa wa Rebeka, yatima aliyemlea tangu akiwa mdogo. Rebeka ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu wa mbele, na mimi nilisimama ubavuni kwake miaka yote nikimwitikia. Masika yaliyopita alilala mzima, asubuhi akakutwa amekufa. Tulimzika siku hiyohiyo, jeneza limefungwa. Mama Shigela alisema hataki mwanawe ageuzwe maonyesho.

Watu walinong'ona. Kwetu mtu akiondoka hivyo, lazima wanong'one.

"Amechukuliwa msukule huyo, anatumikishwa mahali. Mmezika mgomba tu."

Mimi sikuwasikiliza.

Studio ya Venant iko Kirumba, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kuta zote zimepigwa magodoro ili sauti isitoke wala kuingia. Kwenye kona kuna kibanda cha kioo cha kuimbia. Nilifika jua linazama ziwani.

"Karibu, dada Selina," Venant alisema. "Nakufungulia wimbo usikilize kama ndio wenyewe, mimi nifuate flashi nyumbani nije nikuwekee. Ila sauti ikikusumbua, nisamehe. Hii programu mpya ni mtihani."

"Ina nini?"

Alinionyesha kitufe kikubwa cheusi juu ya meza. "Zamani nazungusha hiki, sauti inapungua, mambo yameisha. Tangu programu ijisasishe yenyewe, unapunguza, inapandisha. Unazima maiki, inawasha. Nimebaki kuomba ruhusa kwenye mali yangu mwenyewe!"

Alicheka, akatoka. Nikasikia komeo likisukumwa kwa nje. Ndivyo alivyozoea, wateja wasije wakaingia ovyo.

Wimbo ukaanza.

Sauti ya Rebeka ilijaa chumbani hadi kifua kikanitetema. Ilikuwa kubwa mno. Nikazungusha kitufe kushoto, ikashuka. Kwenye skrini mstari wa kijani ukashuka nao. Halafu, taratibu, ukaanza kupanda.

Nikazungusha tena. Ukapanda tena.

Nilikasirika. Kitufe kiko mkononi mwangu, nimekibana hadi mwisho, lakini spika zinanguruma kama hazinijui. Nikabonyeza kipanya cha kompyuta huku na huku. Programu ilinifungulia madirisha nisiyoyaelewa, moja juu ya lingine. Hakuna hata moja lililonisikiliza.

Wimbo ukaisha.

Sauti haikuisha.

Du... du... du...

Kitu kilikuwa kinatwangwa. Taratibu, kwa uchovu. Kisha ikaja pumzi ya mtu. Nikafikiri labda ni mabaki ya siku ya kurekodi. Nikaitazama skrini vizuri. Programu haikuwa inacheza tena.

Ilikuwa inarekodi.

Maiki ya kibandani ilikuwa wazi. Nikaiona swichi yake mezani, nikaizima. Taa nyekundu ikazimika. Nikashusha pumzi.

Taa ikawaka tena.

Nikageuka kukitazama kibanda. Ndani giza. Kiti kimoja, maiki moja kwenye stendi yake, hakuna mtu. Lakini harufu ya udaga ilianza kunifikia, ile harufu kali ya mihogo iliyovundikwa, ndani ya chumba chenye magodoro matupu.

Nikakimbilia mlangoni. Nikagonga kwa ngumi. Godoro lilimeza kila pigo.

"Venant! Fungua!"

Hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri sauti yangu. Nikarudi mezani, nikapiga magoti kutafuta waya wa umeme ukutani. Mkono wangu ulikuwa umeshaushika.

"Selina... usizime."

Nikaganda.

Haikuwa sauti ya kuimba. Ilikuwa nzito, ya mtu ambaye ulimi wake umevimba. Lakini ningeijua popote.

"Rebeka?"

"Usizime. Nimekutafuta..."

"Uko wapi?"

Du... du...

"Natwanga tu. Usiku natwanga, mchana nafichwa. Sijafa, Selina."

Hofu ilinishika, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine. Huyu alikuwa Rebeka wangu. Nikauachia waya.

"Uko kwa nani? Niambie, nije na watu!"

Akavuta pumzi aseme.

Hapo sauti ikaanza kushuka.

Mstari wa kijani uliteremka wenyewe, polepole, kama mtu anauvuta kwa kidole. Nikakidaka kitufe, nikakizungusha kulia kwa mikono miwili, hadi kucha zikauma. Haukusimama. Muda wote nilitaka kumnyamazisha nikashindwa, na sasa nilitaka asikike...

"Sema, Rebeka! Sema haraka!"

Nikabandika sikio kwenye spika. Nyuma ya pumzi yake nikasikia pumzi ya pili. Kavu. Karibu zaidi na maiki kuliko yeye.

"Niko kwa mama..."

Kimya.

Venant alipofungua alinikuta nimeikumbatia spika. Nilimweleza huku nalia. Hakunicheka. Aliifungua rekodi, tukasikiliza wote. Ilikuwa na sauti moja tu, yangu, ikiita na kuita. Akaniambia programu ile ina makosa mengi, pengine ilichanganya vipande vya zamani. Lakini alizima umeme wa chumba kizima kabla hatujatoka.

Kivuko nilikiwahi, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Shigela. Wimbo nilikuwa nao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nikamweleza Mama Shigela kila kitu, hadi neno la mwisho. Huyu ndiye aliyemlea. Nilitegemea atapiga yowe, ataamsha majirani, tutafukua kaburi usiku uleule.

Aliurudishia mlango.

"Venant naye alisikia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa peke yangu."

"Na hilo jina hakulimaliza?"

"Hakulimaliza."

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai. Aliniambia nisimsimulie mtu, nitawaumiza watu bure. Nilikuwa nimeshafika kwetu, nimeshavua viatu, ndipo wazo likanijia. Hakuniuliza kama Rebeka yuko hai.

Mtaani kwetu kila mwanamke ni mama fulani. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Nilipomdokeza baba, alinikataza kulichafua jina la mtu aliyetusaidia wakati wa shida. Nilipotaka kuacha kwaya, mama yangu alilia.

Jumapili iliyopita walinichagua niimbe mbele, mahali pa Rebeka. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Mama Shigela alinisubiri mlangoni akanishika mkono, anatabasamu, watu wanatuzunguka.

"Sauti yako imeizidi hata ya marehemu," alisema. "Nimeshaongea na wazazi wako. Utahamia kwangu, tufanye mazoezi vizuri."

Nikamwangalia mama yangu. Alikuwa na begi langu mkononi, amefurahi.

Nikauvuta mkono wangu.

Mama Shigela hakuuachia.